Twilight: Kabla Hujamnunulia Binti Yako, Nisikilize

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo mezani sina blenda wala simu mpya. Nina vitabu vinne, nimevipanga hapa ili muone unene wake. Hiki cha kwanza ni Twilight. Kinafuata New Moon, halafu Eclipse, na hili tofali la mwisho ni Breaking Dawn, lina kurasa zaidi ya 700. Mwandishi ni Stephenie Meyer wa Marekani. Cha kwanza kilitoka Oktoba 2005, cha nne Agosti 2008. Vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 100, vikatolewa filamu tano, na sijaona vitabu vya vijana vilivyogombanisha wasomaji kama hivi.

Kuna dada ameniandikia. Binti yake ana miaka 14, wenzake shuleni wanaazimana vitabu hivi, na yeye anaomba anunuliwe vya kwake. Mama akaingia mtandaoni kuulizia, akakuta watu wanatukanana. Huyu anasema hakuna mapenzi matamu kama haya, yule anasema ni sumu kwa wasichana. Akaniuliza: "Nimnunulie au nisimnunulie?" Dada yangu, jibu lako ninalo, ila nivumilie, maana si la neno moja.

Kwa asiyeijua hadithi: Bella Swan, miaka 17, anahamia kwa baba yake katika mji wa Forks, jimbo la Washington, kule kaskazini-magharibi mwa Marekani ambako mvua haikatiki. Shuleni anamkuta Edward Cullen, kijana mzuri wa sura, mpole wa maneno, kumbe ni vampaya. Aligeuzwa mwaka 1918 akiwa anakata roho kwa homa ya Kihispania, na tangu hapo hajavuka miaka 17. Familia yake imejikatalia damu ya binadamu, wanawinda wanyama porini. Halafu yupo Jacob Black, kijana wa kabila la Waquileute, anayegeuka mbwa mwitu, naye anampenda Bella huyo huyo. Wasomaji wakagawanyika, Timu Edward na Timu Jacob, na ukiwakuta wanabishana utadhani ni Simba na Yanga.

Niseme kitu kuhusu hawa wanyonya damu. Bibi yangu wa Tanga angesikia neno hilo angewaza mumiani. Zama za ukoloni, kuanzia pwani hadi Nairobi na Kampala, watu walisimuliana kwa hofu kwamba kuna wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu, na kwingine waliosingiziwa ni wazimamoto na magari yao. Kwetu mnyonya damu hakuwa mtu wa kumpenda. Alikuwa mtu mwenye nguvu kukuzidi, anakuja na gari, hakuna wa kumshtaki. Nimelikumbuka hilo mara nyingi nikimsoma Edward, na mtaona kwa nini.

Sasa tazameni jalada. Nalisogeza karibu na kamera. Weusi mtupu, mikono miwili myeupe imeshika tofaa jekundu. Ukifungua, kabla hadithi haijaanza, unakutana na Mwanzo 2:17: "walakini matunda ya mti wa ujuzi wa mema na mabaya usile." Meyer ni muumini wa kanisa la Wamormoni, na hilo linaonekana: Edward anakataa kulala na Bella mpaka wafunge ndoa, na anayesukuma ni Bella. Meyer ameeleza kwamba hadithi ilimjia ndotoni tarehe 2 Juni 2003, msichana na vampaya wanaongea katika uwanda wa majani porini. Alikuwa mama wa watoto watatu, Arizona, jua kali. Wakati huo Forks alikuwa hajawahi kufika. Alitafuta kwenye intaneti mahali penye mvua nyingi kuliko kote Marekani, akaupata mji huo. Leo mashabiki wanasafiri kwenda kuuona, na kila Septemba, karibu na siku ya kuzaliwa ya Bella, mji unawafanyia sherehe.

Uandishi wake je? Mwepesi, unateleza, unakushika. Uzuri wa Edward unarudiwa mpaka unachosha, na Stephen King alisema waziwazi mwaka 2009 kwamba Meyer si mwandishi mzuri, ingawa alikiri kuwa anajua kuzungumza na wasichana. Mimi namtetea kwenye jambo moja. Katika New Moon Edward anamwacha Bella. Kinachofuata ni kurasa tupu. Hii hapa, imeandikwa "Oktoba" kwa Kiingereza, basi. Unafunua: Novemba. Unafunua: Desemba. Januari. Hakuna sentensi hata moja. Nilikuwa na miaka 16, nimejifunika shuka bwenini, tochi mdomoni, kamusi kifuani, na nilipofunua ile Novemba nililia. Ninawajua waandishi wakubwa ambao wangehitaji sura nzima kusema hivyo.

Kesho yake mwalimu mmoja akaninyang'anya kile kitabu. Akakinyanyua mbele ya darasa akakiita upuuzi wa wasichana, darasa likacheka. Sikuumizwa na kunyang'anywa, kitabu wakati wa prepo ni kosa. Niliumizwa kwamba hakuniuliza nimesoma nini.

Na ndivyo ulimwengu ulivyowafanyia wasomaji wa vitabu hivi. Wasichana waliopanga foleni usiku wa manane Agosti 2008 kusubiri Breaking Dawn walichekwa. Watu wazima walikesha wakijadili ngozi ya Edward inayometameta juani kana kwamba kosa la kitabu ndilo hilo. Wengine wakataka viondolewe maktaba. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliviweka kwenye orodha ya vitabu kumi vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2009 na tena 2010. Wapo waliosema vina mapenzi ya wazi mno, wapo waliolalamikia mtazamo wa kidini. Katika kelele zote hizo, msichana wa miaka 14 aliyebaki na swali la kweli hakuwa na wa kumuuliza, maana akifungua mdomo atachekwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Swali lenyewe liko kwenye Eclipse. Naomba tulisome taratibu.

Bella anataka kwenda kumwona Jacob, rafiki yake. Edward hataki, anasema ni hatari. Bella anatoka, anaingia kwenye gari lake, lile pikapu kuukuu la Chevrolet. Anawasha, haliwaki. Anageuka, anamkuta Edward amekaa kimya kando yake gizani, anageuza geuza kitu kidogo cheusi mikononi. Amechomoa kifaa kwenye injini ya gari lake. Anamwambia kwa upole, atakirudisha kesho asubuhi kabla ya shule. Anamwambia pia, kama hutaki nije usiku huu, funga dirisha, nitaelewa. Bella anapanda chumbani, analibamiza dirisha kwa hasira. Analitazama kidogo. Anashusha pumzi. Analifungua tena, wazi kabisa.

Nilipokuwa na miaka 16 niliona hapo kuna upendo. Niliwaza, nani atanijali hivyo?

Nikiwa na miaka 24 nikampata. Kulikuwa na send-off ya binti wa mama mkubwa wangu, nimeshashona kitenge, nimeshachanga. Jioni hiyo funguo za nyumba hazionekani. Nimetafuta chini ya godoro, nimetafuta kwenye mkoba, mpaka saa mbili usiku, simu inaita, mama mkubwa anauliza uko wapi mwanangu. Alikuwa amezishika yeye, mfukoni, tangu mchana. Hakunipigia kelele. Alisema anaogopa barabara ya usiku. Alisema kwa sauti ya chini, nzuri. Na mimi, nisikilizeni vizuri, mimi nilimkumbatia.

Miezi mingi baadaye, tumeshaachana, niliufungua huu ukurasa nikakaa sakafuni. Nilisema: nilikuwa nimekusoma wewe. Nilikuwa na habari zako miaka nane kabla, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekaa nami kwenye ukurasa huu.

Wanaokitetea kitabu watasema nimekata hadithi katikati, na wana haki. Katika kitabu hicho hicho Edward anabadilika. Kwanza anaharibu zaidi, anamhonga dada yake Alice kwa gari la Porsche ili amzuie Bella nyumbani kwao asitoke. Lakini baada ya hapo anakiri kwamba amekosea, anaamua kuuamini uamuzi wa Bella, na anampeleka mwenyewe hadi kwenye mpaka wa ardhi ya Waquileute, ambao vampaya haruhusiwi kuuvuka, akamwone Jacob. Na huyo Jacob ambaye timu yake inamwona malaika, ndani ya Eclipse anambusu Bella kwa nguvu. Bella anampiga ngumi mpaka anavunjika mkono, na baba mtu anaposikia anachukua upande wa Jacob. Hilo lilinikera kuliko injini. Timu zote mbili zina la kujibu.

Meyer naye alisikia lawama kwamba Bella ni msichana wa kuokolewa kila siku. Mwaka 2015 akatoa Life and Death, hadithi ile ile amewageuza, binadamu ni mvulana na vampaya ni msichana, akaonyesha kwamba udhaifu wa Bella unatokana na ubinadamu wake, siyo uanamke. Kwa sehemu amenishawishi. Mwaka 2020 akatoa Midnight Sun, simulizi ya Edward mwenyewe. Hicho sikushauri uanze nacho.

Breaking Dawn iliwagawa hata mashabiki wa damu. Mimba ya Bella inaandikwa kwa namna ya kutisha hasa, na kisha Jacob, mwanamume aliyekuwa akimtaka mama, anafungamana moyo na mtoto mchanga. Kitabu kinaeleza kwamba atakuwa kama kaka kwanza, mlezi, mpaka mtoto akue. Nimesoma maelezo hayo mara tatu, hayajanitulia. Kwa mtoto wa miaka 14 ningekisubirisha hicho cha nne.

Na kuna wasomaji wengine ambao hawatajwi sana, Waquileute wenyewe. Ni kabila la kweli, lina kijiji chake La Push, ufukweni kabisa mwa bahari ya Pasifiki. Katika masimulizi yao ya asili walitokana na mbwa mwitu waliogeuzwa kuwa watu. Meyer alichukua hapo akajenga lake: mbwa mwitu wanaopigana na vampaya, hilo si la kwao. Bidhaa zikauzwa zenye jina lao na hazikuwaletea faida, huku kijiji chenyewe kikiishi na hatari ya tsunami na shule ya watoto ikiwa bondeni. Ilifika mwaka 2012 ndipo sheria ya Marekani ikawapa ardhi kwenye miinuko ili wahame. Jumba la makumbusho la Burke, Seattle, lilifanya kazi na kabila hilo kutenganisha ukweli na hadithi. Ukimpa mtoto kitabu hiki, mwambie Jacob ametoka kwa watu walio hai.

Haya, bidhaa yenyewe. Ukinunua vya mtumba, kagua uti wa Breaking Dawn, kwa unene ule gundi huachia na kurasa hutoka mafungu mafungu. Nakala za kurudufu achana nazo. Niliwahi kuuziwa moja, wino umefifia, na kurasa za harusi zote hazimo. Lugha ni Kiingereza chepesi, mtoto wa kidato cha pili anayependa kusoma anakiweza akiwa na kamusi.

Dada yangu uliyeniandikia: mnunulie. Mnunulie cha kwanza, nawe usome nyuma yake sura kwa sura. Usimcheke akisema Edward ni mzuri, kwa sababu Edward ni mzuri, ameandikwa awe mzuri. Mkifika kwenye Eclipse, ule ukurasa wa gari, uwe umekaa pembeni yake.

Mimi nimefanya hivyo na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 15, likizo hii yuko kwangu. Juzi tulikuwa jikoni, mimi nachambua mchele, yeye anasoma kwa sauti. Akafika pale Edward ameshika kile kitu cheusi. Nikanyamaza, nikaendelea na ungo wangu. Akasoma mpaka dirisha likafunguliwa. Akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma tena kimoyomoyo, kidole kwenye mistari.

"Mamdogo," akasema, "hili gari si alinunuliwa na baba yake?"

Nikamwambia ndiyo, kwenye kitabu cha kwanza, alinunuliwa kwa mzee Billy, baba yake Jacob.

"Sasa kifaa cha gari lake, huyu anakirudisha kesho kwa ruhusa ya nani?"

Niliweka ungo chini. Tuliongea mpaka wali ukachelewa.