Katriji ya Gramafoni: Nne Ninazozipanga kwa Mwenye Santuri za Zamani

Ukiniuliza ununue katriji gani, yaani kile kiboksi cha mwisho wa mkono kinachobeba sindano, nitakuuliza kwanza una santuri gani. Mwenye LP (santuri kubwa) mpya ana shida yake. Aliyerithi kasha la santuri ndogo za dansi za miaka ya 1970, zilizozungushwa baa na harusini mpaka karatasi ya katikati ikafifia, ana shida nyingine kabisa. Huyu wa pili ndiye ninayemwandikia.

Kabla ya kutoa pesa, kagua mashine. Gramafoni za mkoba zenye spika ndani hazina pa kufungia katriji nyingine. Audio-Technica AT-LP60X nayo katriji yake haitoki. Hapo unabadilisha sindano tu, ATN3600L, na mambo yameisha. Unachohitaji ni mkono wenye matundu mawili ya skrubu na uzito wa nyuma unaorekebishika.

Namba moja kwangu ni familia ya Audio-Technica AT-VM95. Uzuri wake ni kwamba boksi la katriji ni moja, sindano ndizo zinazotofautiana, na unazichomoa kwa vidole. Anza na VM95E, yenye ncha ya duaradufu, ambayo ni ya bei nafuu. Mfuko ukiruhusu, chomeka sindano ya ML. Ncha yake nyembamba hugusa sehemu za ukuta wa mfereji (ule mstari uliochongwa ambamo sindano hupita) ambazo sindano butu za zamani hazikuzifikia, kwa hiyo santuri iliyochoka huweza kukushangaza. Faida huisikia zaidi karibu na katikati ya santuri, pale ambapo sindano ya kawaida hugeuza kila "s" na "sh" kuwa mchanga. Na Kiswahili, jamani, kimejaa hizo: usiku, shida, nisamehe, wasiwasi.

Bei ya ML huwatisha watu kwa kuwa ni zaidi ya mara mbili ya E. Lakini piga hesabu. Watengenezaji wenyewe wanakadiria sindano ya duaradufu idumu saa 300, ML saa 1,000. Kwa saa, ile ghali ndiyo rahisi.

Tena familia hiyo ina sindano ya SP kwa santuri za 78, yaani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zile nzito zinazovunjika kama sahani. Mfereji wake ni mpana karibu mara tatu ya ule wa LP, na sindano ya kawaida huelea chini humo ikikusanya takataka. Siti binti Saad na wenzake walirekodiwa Bombay mwaka 1928 kwenye santuri za aina hiyo. Ukibahatika kuwa nayo, usiiwekee sindano ya LP. Hakikisha pia gramafoni yako ina spidi ya 78, maana nyingi za leo hazina.

Namba mbili ni Nagaoka MP-110, ya Japani. Sauti yake ni ya joto, besi imekaa vizuri, na haikuzi mikwaruzo. Kama huna hamu ya kubadilisha-badilisha sindano na santuri zako ni za hali ya kati, hii itakuridhisha miaka.

Tatu, Ortofon 2M Red, ya Denmark. Inapatikana kirahisi na ina nguvu kubwa ya sauti: umeme inaoutoa ni milivolti 5.5. Lakini, kwa sikio langu, huanika kila mkwaruzo. Njia nzuri ya kupanda ni sindano ya 2M Blue, ambayo huingia kwenye boksi lilelile la Red.

Denon DL-103 naiweka mwisho, ingawa mashabiki wake watanirushia mawe. Ni katriji ya koili inayotembea (moving coil), inatoa milivolti 0.3 tu, kwa hiyo amplifaya ya kawaida haitaisikia vizuri bila kikuza sauti cha ziada. Inataka pia mkono mzito. Na sindano ikiisha huichomoi mwenyewe.

Shure, kampuni ya Marekani, waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018. Anayekuuzia "mpya kutoka kiwandani" leo, mwulize imekaa wapi muda wote huo. Sindano iliyotumika usinunue kabisa. Hakuna anayejua saa zake.

Ukifunga, nyaya ni nne: nyeupe na bluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Nyeupe na nyekundu ni chanya. Zishike kwa koleo ndogo, mkono usitetemeke, na kifuniko cha sindano kisitoke mpaka umalize. Kisha pima uzito wa sindano juu ya santuri kwa mizani ndogo ya kidijitali, gramu 2 kwa VM95 yenye sindano ya E au ML, 1.8 kwa Nagaoka na Ortofon. Wengi hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka mferejini, na huko ndiko inakokwangua.