Saa za kijeshi za zamani: ipi uanze nayo, ipi uiache kwanza

Fundi wangu wa saa ana meza moja chini ya ngazi za jengo, Kariakoo. Kila nikimpelekea saa ya zamani huuliza swali lile lile: "Spea zake ziko wapi?" Hajawahi kuniuliza ilivaliwa vita gani. Mwanzoni nilimwona mtu asiyejali historia, lakini baada ya kujaza droo yangu saa tatu zilizokufa nikaanza kumwelewa. Kwa hiyo orodha hii sikuipanga kwa sifa wala kwa uhaba. Nimeipanga kwa kumfikiria mtu anayetaka saa ya kijeshi ya kwanza, aifufue, aivae, na siku ikisimama apate wa kuifungua.

Ya kwanza ni Vostok Komandirskie. Kiwanda chake kipo Chistopol, Tatarstan. Mitambo ilihamishiwa huko kutoka Moscow Wajerumani walipokuwa wakiusogelea mji. Jina la Komandirskie lilianza 1965. Mashine ya 2409 ni ya kutia ufunguo, ina vito 17 (vijiwe vinavyopunguza msuguano ndani), na 2414 ni ndugu yake mwenye tarehe. Zilitengenezwa kwa wingi mno, hivyo spea si shida: unanunua nyingine iliyokufa kwa bei ya kutupa, unaichinja. Kwa anayetaka kujifunza kufungua saa mwenyewe, hii ndiyo ya kuharibia.

Ukiivuta shingo ya ufunguo utaona inalegalega kama jino la mtoto wa miaka sita. Wengi hapo huirudisha kwa muuzaji wakidhani wameuziwa mbovu. Ndivyo ilivyoundwa. Kichwa, yaani kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo, kinabanwa kwa kuzungushwa, na ule ulegevu unakifanya kigongwe bila kupeleka kishindo ndani ya mashine. Jambo la pili linalowachosha watu ni tarehe ya 2414, maana haina njia ya mkato. Unapeleka akrabu zipite saa sita usiku tarehe iruke, unazirudisha mpaka ile fupi iguse 8 ya uso, yaani saa mbili usiku kwa hesabu yetu, kisha unazipeleka mbele tena. Kama uliiacha kabatini wiki mbili, andaa na chai.

Tahadhari ni mbili. Maneno ya Kirusi usoni yanayosema imetengenezwa kwa agizo la Wizara ya Ulinzi ya Sovieti hayathibitishi kwamba ilitoka ghala la jeshi. Saa nyingi za namna hiyo ziliuzwa kwa raia. Pili, mwili wa nyingi ni shaba ya njano iliyopakwa kromu, na jasho la Pwani huila kromu kuanzia chini ya masikio ya mkanda. Muombe muuzaji picha ya upande wa chini, mkanda ukiwa umetolewa. Akisita, umeshajibiwa.

Ya pili ni G10 ya kampuni ya CWC ya Uingereza, iliyoanza kugawiwa 1980. Najua wapo watakaonuna kwa sababu ni ya betri. Waache wanune. Ni saa halisi ya askari, ina alama ya mshale wa serikali ya Uingereza, na nyuma ina kimfuniko cha betri unachokifungua kwa sarafu. Za mwanzo, za 1980 hadi 1982, ni nene kidogo kuliko zilizofuata, na wakusanyaji huzigombania. Wewe chukua yoyote inayotembea.

Ya tatu, na hapa moyo wangu ndipo ulipo, ni A-11 ya Marekani. Elgin, Waltham na Bulova waliitengeneza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya jeshi la anga: uso mweusi, tarakimu nyeupe, sekunde katikati. Ni ndogo, kama milimita 32, kwa hiyo aliyezoea masaa makubwa ya leo ataiona ya kike. Sifa yake kuu ni kwamba ukivuta kichwa cha ufunguo, akrabu ya sekunde inasimama papo hapo, ili marubani waweze kulinganisha saa zao kabla ya kuruka.

Yangu ya kwanza niliagiza mtandaoni kwa mtu aliyeniapia kwamba kila kitu ni chake cha asili. Fundi akaweka lenzi jichoni, akakaa kimya, kisha akanipa na mimi. Nilipotazama, tarakimu zilikuwa zimevimba kama zimeandikwa kwa brashi, 4 imeinama, na vistari vya dakika havikukutana sawasawa na 12. Uso ulipakwa upya. Nikavuta kichwa, sekunde ikaendelea kutembea bila habari. Kile kijiwiko kinachoisimamisha kilishatolewa na mtu aliyeshindwa kukirudisha. Tangu siku hiyo naomba video fupi: vuta kichwa, nione sekunde inasimama. Naomba pia picha ya mgongo. Maandishi "TYPE A-11" na namba "94-27834" yawe na kingo kali. Yakiwa yamefifia kama sabuni iliyotumika, mwili umesuguliwa, na chuma kilichosuguliwa hakirudi.

Kwa jambo hilo hilo, usimruhusu fundi aing'arishe saa yako kwa nia njema. Mikwaruzo ya mwili iache. Kinachostahili kung'arishwa ni kioo tu, maana nyingi za saa hizi zina kioo cha plastiki: dawa ya mswaki nyeupe, kitambaa laini cha pamba, dakika kumi za kuzungusha kidole, na ukungu wa miaka unaondoka.

Ya nne ni familia ya W10 ya Uingereza, ya kutia ufunguo, si ya betri: Smiths ya Cheltenham (1967 hadi 1970), kisha Hamilton (1973 hadi 1976), kisha CWC (1976 hadi 1980). Kuisoma ni raha. Nyuma, W10 ni jeshi la nchi kavu, 6BB ni la anga, 0552 ni la majini, na tarakimu mbili baada ya mkwaju (/) ni mwaka. Smiths ni nzuri kuliko zote tatu, ila spea zake ni za kuwinda. Hamilton na CWC zina mashine ya ETA 2750, nyepesi kuihudumia, lakini mwili hauna mfuniko wa nyuma: unaingilia mbele kwa kung'oa kioo. Fundi asiyejua hilo huanza kuuchokonoa mgongo kwa bisibisi. Mwambie kabla hujamkabidhi.

Ya tano ni HMT Jawan ya India. Ni rahisi na mashine ni ngumu kufa, lakini nyingi zinazouzwa leo zimepakwa rangi mpya zikameremeta. Jawan ya miaka arobaini yenye uso usio na doa ni ya kutiliwa shaka. Inunue kwa bei ya saa ya kuvaa, isizidi hapo.

Ya mwisho kwa mwanzilishi ndiyo ya kwanza kwa sifa: W.W.W. ya 1945 (kifupi cha Kiingereza cha saa ya mkononi isiyoingiza maji), zile ambazo Uingereza iliagiza kwa makampuni kumi na mawili, kuanzia Buren hadi Vertex, na Grana ndiyo adimu kupita zote. Watu wanataka kukusanya zote kumi na mbili, na hamu hiyo ndiyo imezaa mafundi wa kuunganisha saa mbili kati ya hizo kuwa moja, Cyma kichwa, Record mwili. Zaidi ya hayo, rangi yake ya kung'aa gizani ilikuwa radiamu. Kutong'aa tena hakuna maana kwamba imekwisha. Unga wa kung'aa ndio uliochoka, radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Kioo kikiwa kizima, vaa. Usiifungue mezani kwa chakula, usiukwangue uso, wala usilaze droo ya saa kumi za namna hiyo chumba unacholala, maana radiamu hutoa gesi ya radoni. Ukiona T ndani ya duara, hiyo ni tritiamu, iliyokuja baadaye. Yenyewe hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo.

Nina moja kati ya hizo kumi na mbili, Timor. Nilipompelekea fundi nikamweleza habari za radiamu, aliitazama kwa mbali, akaifunika na glasi yake ya kahawa, akaniambia niirudishe Jumatatu, siku ambayo mjukuu wake hashindi pale mezani.