Mashine ya vidole ilinikataa, karani akanidhalilisha

Kliniki hii iko hapa Kisumu, upande wa Kondele, na sijui kama nitarudi. Dawa wanazo, usafi upo. Shida ni mashine ya kusoma vidole pale mapokezi, na karani anayeilinda.

Kazi yangu ni kuparua samaki. Mbuta, ngege, kuanzia alfajiri: magamba, chumvi, kisu, maji. Ncha za vidole vyangu zimelika, zimekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichokaribia kuisha.

Juzijuzi nilimpeleka mtoto, ana homa kali. Naweka kidole, taa nyekundu. Kingine, nyekundu. Karani akakifuta kioo kwa kitambaa, akapaza sauti foleni nzima isikie: "Mama, nenda unawe, unatuchafulia mashine." Nikanawa. Kurudi, ananiambia mikono imelowa, nikaushe. Nikakausha kwa leso. Nyekundu tena. Mtoto anachemka mgongoni, na kitambulisho changu kiko mezani, mbele ya macho ya karani!

Mpwa wangu anasomea mambo ya umeme, na ndiye aliyenielewesha. Mashine ile hupiga picha ya ngozi ya juu tu. Mistari ikilika, haina cha kuona. Kumbe ipo njia nyingine, altrasaundi, kama ile ya kupimia wajawazito. Mawimbi ya sauti huingia chini ya ngozi na kurudi na picha ya mistari pamoja na kina chake, hata mishipa ya damu. Kule Italia, Chuo Kikuu cha Basilicata, Antonio Iula na wenzake wamesoma viganja kwa njia hiyo, mkono ukiwa umetiwa majini, kwa sababu mawimbi yale hayapiti vizuri hewani. Majini! Na mimi nilifokewa kwa ajili ya maji.

Simu ya mpwa wangu ina kisomaji cha aina hiyo. Nilisajili kidole gumba, nikakilowesha, ikafunguka. Si kila mara, sitadanganya. Na mwaka 2019 Samsung Galaxy S10, yenye kisomaji hicho hicho, iliwahi kufunguka kwa vidole vya watu wengine ikiwekewa vifuniko fulani vya silikoni, mpaka kampuni ikatoa marekebisho. Kwa hiyo sisemi watununulie kesho. Lakini kwa nini wasinunue? Mji huu umejaa waparua samaki, mafundi wa mawe, wafua nguo. Vidole vyetu ndivyo hivi!

Aliyetuokoa ni daktari. Alisikia kelele, akatoka mwenyewe, akambeba mtoto na kumwambia karani aandike nambari ya kitambulisho. Ikaandikwa mara moja. Kumbe iliwezekana tangu mwanzo!

Basi nitarudi, kwa ajili ya daktari huyo. Ila nikimkuta karani yule zamu, nageuza, hata kama ni kwenda kliniki nyingine mpaka mtaa wa Mamboleo.