Uzoefu wangu na ocamlopt, kompaila inayokubali kukaguliwa

Naandika programu za kuchambua logi za seva kwa OCaml, lugha ya kifanksheni iliyokuzwa katika taasisi ya INRIA, Ufaransa. Inakuja na kompaila mbili, yaani programu za kugeuza msimbo uwe kitu cha kuendeshwa na kompyuta: ocamlc hutoa baitikodi, maagizo ya kati yanayohitaji mashine pepe (programu ya kuyatekeleza), na ocamlopt hutoa lugha ya mashine ambayo prosesa inaitekeleza yenyewe. Ya pili ndiyo iliyoniteka.

Sababu yangu kubwa ni kwamba kazi yake inasomeka. Ukiweka chaguo la -S unapokompaili, inakuachia faili la asembli, yaani maagizo ya mashine yaliyoandikwa kwa maneno, ulikague. Nilianza na hii ya kujumlisha orodha:

let rec jumla acc = function
  | [] -> acc
  | x :: baki -> jumla (acc + x) baki

Aliyezoea Python atauliza: fanksheni inayojiita yenyewe kwa orodha ya vitu milioni, staki (kumbukumbu ya miito ambayo haijakamilika) haitajaa? Haijai. Kompaila inaona kwamba kujiita kule ndiyo hatua ya mwisho, kwa hiyo haiandiki call (agizo la kuita fanksheni), inaandika jmp (agizo la kuruka) ya kurudi juu. Kwenye prosesa za x86-64, acc inakaa kwenye rejista (nafasi ndogo ndani ya prosesa) ya rax, orodha kwenye rbx, na kilichobaki ni kitanzi kifupi sawa na ambacho mtu wa C angekiandika kwa mkono.

Kujumlisha kwenyewe kunafanywa na agizo la leaq, na ndani yake kuna -1. Hiyo -1 imetoka wapi? Namba kamili za OCaml huwa na 1 kwenye biti ya mwisho, ilhali pointa, yaani anwani za kumbukumbu, huishia na 0, ili msafishaji wa kumbukumbu (garbage collector) atofautishe namba na anwani. Namba n huhifadhiwa kama 2n+1; ukijumlisha mbili, 1 inazidi, lazima itolewe. Agizo moja linajumlisha na kutoa hapo hapo. Nilipolielewa nilifurahi kweli. Gharama yake ni kwamba kwenye mashine ya biti 64 unabaki na namba za biti 63, jambo ambalo kwa logi halijawahi kunisumbua.

Sasa penye udhaifu. Andika hivi:

let kubwa a b = if a > b then a else b

Fanksheni hii inapokea aina yoyote, kwa hiyo asembli yake inaita caml_greaterthan, msaidizi wa jumla anayelinganisha chochote, na ni mzito. Andika (a : int) na mwito wote unatoweka, linabaki agizo la kulinganisha, cmpq. Kwenye kitanzi kinachozunguka mara nyingi, tofauti utaiona bila kipimo. Kwangu hili ndilo jambo la kwanza la kukagua programu ikiwa nzito.

Namba za desimali nazo zina gharama: ikihifadhiwa ndani ya orodha, kila moja inapewa kisanduku chake kwenye kumbukumbu, baiti 8 za thamani na 8 za kichwa. Safu ya float haina visanduku hivyo, kwa hiyo kwa hesabu nyingi tumia safu.

Usitarajie uboreshaji mwingi wa kiujanja. ocamlopt ya kawaida hukompaili upesi na haihangaiki kupindua programu yako. Ukitaka zaidi, sakinisha toleo lililojengwa pamoja na Flambda, sehemu ya ziada ya kuboresha msimbo, ambalo huingiza fanksheni ndogo ndani ya zinazoziita kwa bidii zaidi. Bila Flambda, chaguo la -O3 la kuomba uboreshaji zaidi halikusaidii kitu. Mimi nimebaki na ya kawaida, kwa kuwa napenda kukisia asembli kabla sijaifungua na kukuta ndivyo ilivyo.

Mwenye mashine ya biti 32 ajue mapema: tangu toleo la 5.0 la OCaml, Desemba 2022, huko imebaki baitikodi tu.