Fundi wa kompyuta wa Birere, Goma: mashini yangu imepona

Mashini yangu ilikuwa na RAM (memori ya kufanyia kazi) 4 GB na disiki ya kuzunguka, ile ya zamani ya polepole, na juu sistemu yake, Windows 10, ilikatiwa masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025 nikapandisha Windows 11, kutoka siku ile kuwaka tu ni dakika kumi. Fundi wa kwanza aliniambia ninunue ingine, hata hakuifungua, ilinivunja moyo sana. Huyu wa Birere aliketi nayo mbele yangu, akafungua Task Manager, dirisha yenye inaonyesha kazi mashini inafanya, akanionyesha disiki inatumika 100% na sijafungua kitu, akanieleza kama kisha kupandisha sistemu Windows inabaki inapanga mafaili na kushusha masasisho nyuma nyuma, inaweza chukua siku moja ao mbili, lakini yangu ilikuwa wiki ya tatu. Akazima programu zenye zinajiwasha zenyewe, ikapata nafuu kidogo tu, njo tukaweka SSD (disiki ya mbio, yenye haizunguke) ya 240 GB na RAM ingine 4 GB. Kazi yangu ya masomo aliikopia kwanza kwa disiki ya inje, hiyo nilimupendea kabisa. Dola 55 yote. Umeme ulikatika, nikangoja mpaka saa kumi, lakini leo inawaka sekunde 20. Muende kwake.