Uzoefu wangu: mwaka mmoja wa oili ya 20W-50 kwenye kobe la mwaka 1969, Dodoma

Kobe nililoachiwa na mjomba ni gari la Volkswagen Beetle 1300 la mwaka 1969. Lilikaa miaka mitatu chini ya mwarobaini kule Kikuyu likila vumbi, mwaka jana nikalifufua. Baada ya kupitia oili nyingine mbili, nimetembea nalo zaidi ya kilomita 7,000 kwa oili moja, Castrol GTX 20W-50, na nimemwaga oili mara tatu kwa mikono yangu. Nimepita nayo kwenye joto la Novemba na kwenye asubuhi za baridi za Julai. Naandika kwa ajili ya mwenye kobe au kombi aliyeko huku kwetu, Dodoma, Manyoni, Singida, kwa sababu nilipoanza kuuliza, karibu kila mtu alinijibu kana kwamba naendesha gari la rejeta, wakati kobe halina rejeta.

Nianze na yaliyonikuta kabla. Nililipeleka kwenye gereji moja hapa mjini ambayo kazi yake kubwa ni magari ya Kijapani. Vijana ni wachangamfu na magari yao ya kila siku wanayajua. Walifungua nati ya katikati chini ya injini, oili ikatoka, wakafunga, wakamimina galoni zima la lita 4 la 5W-30. Niliuliza kama si nyingi.

"Kaka, hata Vitz inakula karibu hiyo," kijana akaniambia. Sikuwa na la kumbishia.

Injini ya kobe inachukua lita 2.5. Nilikuja kulijua hilo nikiwa napandisha kuelekea UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), harufu ya oili inayoungua ilipojaa ndani ya gari na moshi ukafuka nyuma. Puli kubwa ya injini hii haina sili ya mpira. Kuna kisahani cha kurusha oili na mfereji uliochongwa kwenye puli unaoirudisha ndani inapozunguka, na mfumo huo unafanya kazi vizuri kabisa mradi oili isizidi kimo. Ikizidi inatemwa nje, inadondokea kwenye ekzosi, na feni inavuta moshi wake kuuleta puani mwako. Niliipunguza palepale pembeni ya barabara kwa chupa ya maji niliyoikata, nikarudi nyumbani taratibu.

Kimo kikawa sawa, lakini aina ya oili ilikuwa ileile. Mwezi uliofuata nilitoka Mtera saa nane mchana, jua la Novemba, na nilipofika kipilefti cha kwanza mjini na kusubiri zamu yangu, taa ya oili ikaanza kupepesa. Nikikanyaga mafuta inazima, nikiachia inapepesa tena. Taa ile haitoi onyo la mapema. Swichi yake huiwasha pale tu presha inapokuwa imeshuka karibu na sifuri.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa Majengo, ambaye amezeeka na magari haya. Nilimwamkia, hata sijamaliza kueleza akachomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, gari hili halina maji. Oili ndiyo maji yake. Sasa wewe umelinywesha nini?"

Nimeyatafakari sana maneno hayo, na kila nilichosoma baadaye kimeyathibitisha. Gari la rejeta likipata moto, maji ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya joto, oili inashughulika zaidi na kulainisha. Kwenye kobe, joto linatolewa na upepo wa feni pamoja na oili, ambayo inapita kwenye kipozeo kilichosimama ndani ya bati la feni. Kwa magari ya mwaka kama wa langu, kipozeo hicho kimewekwa katikati ya njia ya upepo unaokwenda silinda namba 3, kwa hiyo silinda hiyo hupata upepo mchache na ambao umeshapashwa moto. Volkswagen walikuja kukihamishia kwenye kibanda chake chenyewe kwenye matoleo ya 1971. Sisi wa kabla ya hapo tunaishi na silinda namba 3 yenye homa, na oili dhaifu haina la kuisaidia.

Kwa hiyo nilianza kuchagua upya. Namba za kwenye galoni zinaeleza uzito wa oili, yaani inavyotiririka. Ile yenye W ni tabia yake ikiwa baridi, ile ya pili ni tabia yake ikiwa ya moto, inapimwa kwenye nyuzijoto 100. Oili ya 5W-30 haina ubaya wowote. Imetengenezwa kwa injini zenye nafasi finyu sana kati ya chuma na chuma. Injini yangu ina zaidi ya miaka 50, beringi zake zimelegea kiasi, oili nyepesi ikichemka inapita tu humo ndani bila kushika presha.

Mzee alinishauri kwanza SAE 40, oili yenye namba moja tu isiyo na W, ambayo bado inauzwa madukani kwa ajili ya mashine na malori ya zamani. Niliitumia wiki sita, na taa ya oili haikupepesa hata mara moja. Bei yake pia ilikuwa nafuu kuliko zote. Kisichonipendeza ni kuwaka kwake alfajiri kukiwa na ubaridi: stata inazunguka kwa uzito, na tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu) zinagonga sekunde kadhaa kabla oili haijazifikia. Kama gari lako unaliwasha saa nne asubuhi na kuzunguka mjini tu, SAE 40 inakutosha na sioni sababu ya kukushawishi vinginevyo.

Kilichonipeleka kwenye 20W-50 ni kwamba natoka nyumbani Nkuhungu saa kumi na mbili asubuhi. Ikiwa baridi inatiririka vizuri kuliko ile ya namba moja, na ikiwa ya moto inabaki nzito. Kuna na suala la zinki, ambalo mafundi wengi hawalitaji. Kamshafti ya kobe, ile shafti inayofungua valvu, inasukuma tapeti bapa, chuma kinasugua chuma bila rola. Kinachozikinga zisilane ni dawa ya zinki na fosforasi inayochanganywa kwenye oili. Fosforasi hiyo huharibu katalaiza (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) za magari mapya, ndiyo maana kuanzia daraja la ubora wa oili la API SM la mwaka 2004 oili nyepesi kama 5W-30 ziliwekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08. Uzito wa 20W-50 haumo kwenye kikomo hicho. Kobe langu halina katalaiza ya kulinda, lina kamshafti.

Lakini nzito zaidi si bora zaidi, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri kwa sababu nimeona watu wakiongeza dawa za kuifanya oili iwe kama asali. Ndani ya injini hii kuna valvu ya presha. Oili ikiwa nzito mno, presha inapanda, valvu inafunguka, na oili inaruka kipozeo na kwenda moja kwa moja kwenye injini. Yaani oili nzito kupita kiasi inazunguka bila kupozwa. Kwa mtu wa Makete au Lushoto, kwenye baridi, nisingependekeza 20W-50 bila kufikiri mara mbili. Kwa Dodoma, oili inapata moto haraka na inashuka kwenye uzito wake wa kazi. Hata hivyo Juni na Julai huwa naliacha lingurume dakika moja, halafu naendesha polepole kilomita tatu nne za mwanzo bila kuikamua injini.

Sasa kumwaga kwenyewe. Ninafanya kila kilomita 2,500. Maelekezo ya kawaida ni kilomita 5,000, ila gari hili halina filta ya oili ya kubadilisha. Lina chujio la wavu tu kwenye tumbo la injini, ambalo linazuia vitu vikubwa, uchafu mwembamba unabaki ukizunguka na oili hadi utakapoimwaga. Ukiongeza na vumbi la huku kwetu, kusubiri 5,000 naona ni kulionea gari.

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa naanza kwa kurekebisha valvu, nafasi ya milimita 0.15 kwa zote nane. Nikimaliza naendesha hadi Nanenane na kurudi ili oili ipate moto na uchafu uelee. Naegesha mahali tambarare. Jeki haihitajiki, chini kuna nafasi ya kutosha. Nafungua nati ya katikati, oili inashuka kwenye beseni, naisubiri hadi itone. Mafundi wengi wanaishia hapo, na ndipo gereji ile nayo iliishia. Mimi naendelea kufungua nati sita ndogo kwa spana namba 10, sahani inashuka pamoja na lile chujio.

Mara ya kwanza nililifungua mikono ikitetemeka kidogo. Nilikuta vipande vya silikoni nyekundu, vimejikunja kama minyoo, vimeziba karibu theluthi ya wavu. Fundi fulani wa miaka ya nyuma alikosa gasketi akapaka silikoni, iliyozidi ikakatika na kuingia ndani. Injini ilikuwa inavuta oili kwa taabu huku mimi nikilaumu oili peke yake. Nililiosha kwa petroli, nikapitisha sumaku kwenye masalia, hapakuwa na chembe za chuma. Nilikaa chini pale kivulini nikamshukuru Mungu.

Seti ya gasketi ina karatasi mbili, moja juu ya chujio na moja chini yake, pamoja na washa ndogo za shaba za kuweka chini ya nati. Washa za zamani usizirudishie, ndizo zinazovujisha. Hakikisha mdomo wa chujio umeingia sawasawa kwenye bomba la kuvutia oili. Nati zenyewe zinataka nyutonimita 7 tu, yaani spana fupi uliyoishika kwa vidole viwili. Kesi ya injini ni ya magnesiamu, chuma laini. "Usizikaze kwa hasira," mzee aliniambia, na alishawahi kutengeneza nyingi ambazo nyuzi zimeliwa. Seti hizi Dodoma ni za kutafuta. Zangu niliagiza kwa mtu anayetoka Dar es Salaam, nikachukua nne kwa mpigo.

Namimina lita 2, nasubiri, namalizia kidogokidogo nikitazama kijiti mpaka alama ya juu. Kwenye galoni la lita 4 inabaki lita moja na nusu, nayo ina kazi. Chujio la hewa la kobe hili halina karatasi, lina bakuli la oili ambamo vumbi linanasa. Nilipolifungua baada ya safari ya Mvumi nilikuta tope zito kama uji wa ulezi chini ya bakuli. Nalisafisha kila nikimwaga oili, nalijaza oili hiyohiyo mpaka alama yake. Oili chafu naitia kwenye dumu, jirani anaichukua kupaka nguzo za zizi dhidi ya mchwa. Kwenye mfereji siimwagi.

Matokeo ya mwaka mzima: taa ya oili haijapepesa tena, hata niliporudi kutoka Mtera mchana mwingine wa jua kali kama ule na kusimama kwenye kipilefti kilekile. Kati ya kumwaga na kumwaga naongeza kama nusu lita, kiasi ambacho kwa injini ya umri huu nakikubali. Tapeti zimetulia. Sina geji ya joto, natumia njia ya mzee: baada ya safari nachomoa kijiti na kukishika. Zamani nilikuwa nakiachia mara moja, sasa nakishika na kukifuta bila tabu.

Nisiipe oili sifa zote. Mwezi Februari niligundua mpira unaoziba pengo kati ya bati za injini na bodi umeoza upande wa kulia, hewa ya moto ya ekzosi ilikuwa inapanda juu na feni inaivuta tena. Nilibadilisha mpira huo na mkanda wa feni siku moja, na joto likapungua kwa namna niliyoihisi mkononi. Mwenye taa inayopepesa aangalie mpira huo na chujio kabla hajanunua galoni jipya.

Kwenye kununua, nanunua duka moja tu la spea ambalo mwenyewe ananijua, naangalia kifuniko kama utepe wake haujaguswa, na nikifika nyumbani natunza galoni tupu pamoja na risiti hadi nimalize kilomita 500 za kwanza. Oili feki zipo, na gari lenye lita 2.5 tu za kulinda kila kitu ndani yake haliwezi kuvumilia hata safari moja ya bahati mbaya.

Nimebandika kipande cha plasta ndani ya mlango wa dereva, nimeandika kilomita za kumwaga tena. Zimebaki 400, na mwisho wa mwezi tunakwenda Kondoa kwenye harusi, kwa hiyo nitaimwaga Jumamosi hii. Seti ya gasketi iko kwenye droo, ya mwisho kati ya zile nne. Anayejua duka la Dodoma linalouza seti hizo aniandikie.