Kalipa ya Dijitali: Huu Mkia wa Kupimia Kina Utanitoa Roho

Haya jamani, tuko tena hapa Ngamiani, Tanga, na leo nimekasirika kidogo. Mezani nina kalipa ya dijitali, kile kifaa cha kupimia unene na kina kwa milimita, ile ya inchi 6. Boksi linasema chuma hakishiki kutu. Kwa upepo wa bahari wa huku, hilo tutalijua wenyewe. Taya za kupimia nje na ndani mnazijua, sizirudii. Tuje kwenye huu mkia.

Huu hapa, uchuma mwembamba unaochomoza nyuma ukifungua taya. Kazi yake kupima kina, na mimi kalipa nimeinunulia hiyo tu. Ukigonga beringi ya gurudumu ikakaa upande, mteja anarudi kesho yake kelele tupu, na pesa yake anaitaka.

Sogeza kamera. Hii ni habu ya bodaboda, yaani kitovu cha gurudumu, beringi 6301: milimita 12 ndani, 37 nje, unene 12. Nakalisha kitako cha kalipa kwenye mdomo wa habu, nashusha mkia mpaka uguse ringi ya nje. Ya nje, siyo ya ndani, ya ndani ina mchezo. Kioo cha namba kinasema milimita 8.52. Sasa nainamisha mkono, kidogo tu, hata hamjauona. Haya soma: 8.67! Beringi imesogea? Haijasogea. Kitako ndicho chembamba, kinayumba, na kioo kinakuonyesha mpaka 0.01 kwa kujiamini kabisa. Hicho ndicho kinachoniudhi. Ingekuwa futi kamba, usingeiamini hivyo.

Subirini, msizime. Chukua kipande cha flatibaa, chuma bapa, kilichonyooka, kilaze kikatize mdomo wa habu. Kitako kinakaa juu ya flatibaa, mkia unashuka ubavuni mwake. Hakiyumbi tena. Unene wa flatibaa utautoa kichwani? Wala. Kabla hujaanza, laza flatibaa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, simamisha kalipa juu yake, shusha mkia uguse kioo, bonyeza kitufe cha sifuri. Basi, flatibaa imeshajitoa yenyewe. Rudi kwenye habu: 8.52. Zungusha upande wa pili: 8.53. Huku juu... 8.71. Mmeona? Hapa beringi imebaki nje… hapana, imezama zaidi, namba ikikua ndiyo imezama. Kwa hiyo nagonga upande ule wenye namba ndogo, taratibu, kwa bomba linalokaa kwenye ringi ya nje. Napima tena. 8.71, 8.70, 8.71. Hiyo imekaa!

Hiki kitufe cha sifuri nakipenda, nakiri. Kalipa ile ya mistari, yenye skeli aliyoitangaza Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631, haina ujanja huu, ingawa nayo haikuombi betri. Maana betri ya hii, LR44, ndiyo waja leo waondoka leo. Nyingi za bei hii hata ukizima kioo, ndani zinaendelea kunyonya. Ukimaliza kazi, itoe. Na ufute oili kwenye mwili wake, unyevu na uchafu vinafanya namba ziruke.

Kuna mtu atauliza Mitutoyo ya Mjapani. Ni nzuri, sibishani, na wanauza kitako kipana cha kubandika ukipenda. Lakini bei yake, ndugu yangu, mimi na wewe tunatengeneza bodaboda. Hii nimeipata sh 28,000 baada ya kubishana sana, muuzaji alianza na 45,000. Ukitajiwa zaidi ya 30,000, weka chini, jifanye unaondoka.

Wale mnaosubiri ile video ya mashine ya kuchajia betri, ipo, sauti tu iliharibika kwa kelele za jirani mchomeleaji, narekodi upya. Bonyeza kengele. Na wewe wa Muheza uliyeuliza kama mkia huu unapima kina cha matundu ya boliti: unapima, ila angalia kwanza tundu halina grisi chini, maana mkia utasimama kwenye grisi.